Mama Mkwe Mbele, Mimi Nyuma ya Shuka

Mtu aliyeacha shule darasa la sita, na leo ana lori lake, mahema ya kutosha harusi tatu kwa siku moja, na spika ambazo ukizifungulia Tuwan mbwa wa upande ule mwingine wa Kitale wanaitikia, mtu huyo akijisifu msimwambie anyamaze. Mimi ndiye huyo mtu. Sikurithi shamba. Wazazi wangu walitoka katikati mwa nchi wakaja Trans-Nzoia kulimia watu, na walichoniachia ni mikono miwili na sauti. Sauti ndiyo imenilisha.

Nilianzia kwa kibanda cha video. Nilikuwa nafagia maganda ya njugu na kurudisha kanda nyuma. Siku moja yule jamaa wa kutafsiri sinema kwa Kiswahili akakauka koo, watu wameshalipa, wanapiga mabati, nikashika maiki. Ilikuwa sinema ya Kichina. Kichina mimi sijui hata salamu. Lakini mtu akikasirika si anaonekana amekasirika? Anayedanganya mkewe si unamjua kwa macho? Nikawapa maneno. Tangu siku hiyo nimetafsiri Kichina, Kihindi, Kikorea, na hakuna Mchina wala Mkorea amewahi kufika Kitale kulalamika.

Kwa hivyo shemeji yangu, kaka ya mke wangu, aliponipigia simu kutoka Misikhu, yeye akiwa mwandishi wa kikundi chao cha maziwa, na kuniuliza kama najua Kidenishi, nilijibu kabla hajamaliza.

"Najua."

"Unajua kabisa, shemeji? Kile cha Denmark?"

"Wewe uliza siku na saa. Kujua niachie mimi."

Maneno yenyewe yalikuwa hivi. Kikundi chao kilikuwa na daktari wa ng'ombe, Mdenishi, mzee mrefu mwenye magoti yanayolia kama mlango, ambaye alikuwa ameishi nao miaka mingi na sasa anarudi kwao kabisa. Walitaka kumuaga. Yeye naye, badala ya hotuba, alitaka awaonyeshe kitu cha nyumbani kwao. Kila kiangazi watu wa mji wake hukusanyika ukumbini, na mwalimu, muuza mikate, fundi wa mabomba, wote wanapanda jukwaani kuigiza na kuimba wakiwacheka wakubwa wa mji. Nao wakubwa wenyewe wanakaa viti vya mbele na kucheka! Wanaita revy. Mwaka mmoja mtu aliipiga filamu yote, na hiyo filamu daktari ametembea nayo kwa flashi kama mwingine anavyotembea na picha ya mamake.

Akaja nayo kwangu Tuwan. Kiswahili chake ni cha kitabu, kinanyooka kushinda chetu.

"Bwana, nimeambiwa unafahamu lugha yetu."

"Kidogo tu, daktari," nikasema. Ni mara ya kwanza maishani nilijipunguza.

Akaniambia jambo kwa Kidenishi. Ilikuwa kama mtu anameza kabla ya kutafuna. Na mimi nikamrudishia sauti hiyo hiyo, nikaongeza na mkono. Mzee alicheka mpaka akavua miwani.

"Basi nitakueleza kipande kwa kipande," akasema.

Tulikaa mchana kutwa. Mke wangu akaleta chai, akabaki kutazama. Kuna kipande cha mkubwa wa mji, mwenye mkufu shingoni, anayefungua daraja lile lile mara tatu na bendi inapiga. Kuna wanawake watatu juu ya baiskeli wanaimba kulalamikia kodi. Halafu kuna cha kabati. Mwanamume mwembamba anasikia mlango unagongwa, anaingia ndani ya kabati la nguo, na mama mnene mwenye kofia ya manyoya anaingia, anaketi, anaagiza kahawa na haondoki.

"Huyo anamkimbia mama mkwe wake," daktari akaeleza. "Kwetu kipande hiki ndicho bora kuliko vyote."

Mke wangu aliweka birika chini polepole.

"Daktari, na hiki utaonyesha Misikhu?"

"Hiki hasa!"

Sasa lazima nieleze, maana kuna watu wa mbali wanaosoma. Kwa watu wa mke wangu, huko Bungoma, mkwe na mama mkwe wake hawachezi. Hampeani mkono. Hamkai chumba kimoja, hamli pamoja, hamtazamani usoni. Akikuona unakuja njiani anaingia kwa mahindi mpaka upite, na wewe unageuza shingo upande wa pili kama mwenye jipu. Si chuki, ni heshima. Kwetu sisi mama mkwe anaweza kukupa chai na akuulize habari za mvua, kwa hivyo mwanzoni nilisumbuka sana. Lakini nilizoea. Miaka ishirini na kitu katika ndoa, mama mkwe wangu namjua mgongo, leso na kikohozi.

Na yeye ananijua kwa sifa mbaya. Nilipoenda kumposa binti yake, aliuliza akiwa nyumba ya pili, kwa sauti ya kusudi: "Kazi yake ni gani?" Wakamwambia, anaongea. "Anaongea wapi?" Kwa sinema. Akasema, basi mwanangu anaolewa na mdomo. Maneno hayo yalizunguka boma lote. Nilinunua mahema, nikanunua lori, nikajenga vyumba Tuwan, nikasomesha watoto, na kila nikituma kitu Misikhu, nasikia amepokea, ameshukuru, halafu amesema "mdomo umetuma." Hajawahi kunisikia nikifanya kazi hata siku moja, kwa sababu tungekaaje ukumbi mmoja?

Nilitamani anisikie. Mara moja tu, na acheke. Watu elfu wamenicheka, lakini huyo mmoja alikuwa amenikwama kama mwiba wa samaki.

Shemeji akapiga tena. "Kuna shida. Mama anakuja. Si unajua yeye ndiye mweka hazina? Na daktari ndiye alimzalisha ng'ombe wake, ule wakati ndama alikuja matako mbele. Hawezi kukosa kumuaga."

"Basi mimi siwezi kukuja."

"Na wewe usipokuja, nani atatafsiri?"

Ni mke wangu aliyetatua. Mwanamke huyo angesoma angekuwa jaji. Alisema shuka ya kuonyeshea isifungwe ukutani, ifungwe katikati ya ukumbi, kutoka ukuta hadi ukuta. Watu wote mbele, mimi peke yangu nyuma na maiki. Yeye angekaa karibu na mlango wa upande, apite huku na huku.

Iliniuma, siwezi kuficha. Nusu ya tafsiri yangu iko usoni. Mtu anilipe kisha asinione? Na picha nitaiona kinyume, wa kushoto awe wa kulia. Lakini nilikubali.

"Niambie kitu kimoja," nikamuuliza mke wangu tukishona shuka mbili pamoja. "Mama yako hucheka namna gani? Nitamjuaje nikiwa nyuma?"

"Hucheka kama watu," akasema, na uzi mdomoni.

Ikafika Jumamosi. Ukumbi wa kikundi una madirisha makubwa, na filamu inataka giza, kwa hivyo vijana waliziba madirisha na karatasi nyeusi ile ya kufunikia chakula cha ng'ombe shimoni. Giza tulipata, na harufu ya mabua yaliyochacha tukapata bure. Niliingizwa mapema kwa mlango wa nyuma kama mwizi wa kuku. Nikakaa kwa stuli, nikasikia viti vikijaa. Nikasikia kile kikohozi cha mama mkwe. Wakampisha, akaketi mbele kabisa, karibu na daktari. Kati yangu na yeye ilikuwa pamba tu.

Nikapuliza maiki. "Habari zenu, watu wa maziwa!"

"Mzuri!"

"Maziwa iko na maji ama haina?"

Kicheko cha kwanza hicho. Nikajua leo ni leo.

Kipande cha daraja kilikuwa rahisi kama kumsukuma mlevi. Daraja nikaligeuza kisima. Yule mwenye mkufu nikamfanya mheshimiwa. "Wananchi, kisima hiki nilikifungua mwaka jana, nikakifungua mwezi jana, na leo nakifungua tena, kwa sababu kila nikikifungua, maji yanasahau kutoka!" Bendi ya Wadenishi ikapiga, nami nikaimba juu yake, "Utepe tunao, mkasi tunao, maji mtaleta wenyewe." Watu walipiga miguu chini. Kulikuwa na mzee alikuwa anasema, "Ni yeye! Ni yeye kabisa!" Akimaanisha nani, mimi sijui na sitaki kujua.

Wanawake wa baiskeli niliwapeleka kwa foleni ya kupimisha maziwa, kila mmoja akiapa kwamba ng'ombe wake ndiye amekunywa maji mengi, si yeye aliyeongeza. Kina mama wa mbele walikuwa wanapigana mabega.

Ila kulikuwa na kicheko kimoja kilinisumbua. Kilikuwa kinachelewa. Wengine wote wakishamaliza, ndio kinaanza: kwanza mlio mwembamba, halafu kinazima, halafu kinakohoa, kinazima tena, halafu kinashika kwa nguvu na kuvuruga maneno yangu yanayofuata. Mara ya kwanza nilivumilia. Mara ya pili nikavumilia. Mara ya tatu kilikula mzaha wangu mtamu kuliko yote. Sasa kwa vibanda vya video tulikolelewa sisi, mtazamaji wa namna hiyo dawa yake ni moja, unamrukia kwa maiki.

"Nani huyo anacheka kama pikipiki imekataa kuwaka asubuhi? Bana, angalia plagi!"

Ukumbi ulilipuka, halafu ukanyamaza ghafla, kama sufuria imefunikwa. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikadhani hawajaelewa.

"Ama ni mafuta imeisha? Isukumeni basi, iko kwa mteremko!"

Hakuna aliyecheka. Nilisikia karatasi ya madirisha ikipigwa na upepo.

Mke wangu alikuja nyuma ya shuka akiwa amejishika kichwa.

"Umemwita mama pikipiki."

"Mama gani?"

"Una mama wangapi mbele hapo? Yangu!"

"Lakini ulisema anacheka kama watu!"

"Kwani yeye si mtu?"

Nimeshawahi kukatikiwa na stima katikati ya harusi. Nimeshawahi kuangukiwa na hema. Sijawahi kukosa neno. Siku hiyo nilikosa. Maiki iko mkononi, filamu inaendelea, Wadenishi wanaimba lugha yao tupu, na mimi nahesabu: miaka yote nimepita mbali, nimegeuza shingo, nimekula peke yangu, halafu namtukana kwa spika mbele ya kijiji kizima. Tena spika zangu mwenyewe, na nilikuwa nimeziweka juu.

Na kipande kilichoanza wakati huo kilikuwa cha kabati.

Mwembamba akasikia mlango. Akaruka ndani ya kabati. Mwenye kofia ya manyoya akaingia. Ukumbi mzima ni kimya, daktari peke yake anacheka. Mke wangu akaondoka, akarudi.

"Mama anauliza mbona mtu wa sinema amenyamaza. Anasema mafuta ametia. Na anataka kujua huyo mwanamume ameingia kabatini kwa sababu gani."

Moyo wangu ulirudi nusu. Nilikuwa nimepanga zamani kwamba mwenye kofia atakuwa mwenye nyumba, amekuja kudai kodi. Nikaanza, "Huyu mama, watu wangu, ni landiledi..."

"Hapana!" daktari akapaza sauti kutoka mbele, kwa Kiswahili chake kilichonyooka. "Samahani, bwana mfasiri! Huyo ni mama mkwe wake!"

Nilisikia kina mama wakivuta pumzi pamoja. Mtu akasema "Woi!" Kwa hasira niliyompata nayo, ng'ombe wa daktari wote wangezaa kinyume siku hiyo, mimi ningecheka.

Lakini mimi ni nani? Si nimekwambia? Maneno yalikuja yenyewe.

"Ni kweli!" nikasema. "Daktari amesema kweli, nilikuwa nawapima. Huyo ni mama mkwe. Na sasa mtazame adabu ya Denmark! Mkwe amesikia hatua zake tu, ameingia kabatini kumpisha. Kwao hakuna shamba la mahindi karibu, baridi ni nyingi, mtu atajificha wapi? Kabati! Huyo kijana amelelewa!"

"Amelelewa!" mzee mmoja akaitikia.

"Shida ni kwamba mama ameketi, ameagiza kahawa. Na mkwe hawezi kutoka mpaka mama aondoke."

Wakaanza kucheka, kwa sababu walikuwa wanamwona mwembamba kabatini na walikuwa wanajua ni nani mwingine yuko nyuma ya nguo. Kwenye filamu mwembamba akatoa pua katikati ya makoti, akaongea. Nikapunguza sauti, nikaongea naye.

"Mama, usigeuke. Mimi niko huku kwa makoti. Nilisema neno baya nikiwa gizani. Sikujua ni wewe. Kama ningejua ningeuma ulimi ukatike, na bila ulimi, mama, unajua mimi sina kazi nyingine."

Mwenye kofia akafungua mdomo kwenye shuka, ana maneno mengi, mkono unapiga meza. Na mimi hapo nikanyamaza. Nimewatafsiria wafalme, majambazi na malaika, lakini kumtilia mama mkwe maneno mdomoni, hapana. Midomo ya yule Mdenishi ikaendelea kwenda bure.

Ndipo sauti ikatoka mbele, sauti ya mwanamke mzee, iko sawa sawa na midomo ile.

"Kaa humo humo. Sijamaliza kahawa."

Sitaweza kueleza kelele ya ukumbi ule. Kiti kilivunjika huko mbele, na viti vilikuwa vyangu vya kukodisha, na sikujali. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimesikia sauti ya mama mkwe wangu ikisema na mtu ambaye, ukikubali, hakuwa mimi.

Mwembamba akasema kitu. Nikampa maneno. "Mama, humu ndani kuna joto na kuna harufu ya dawa ya nondo."

"Nondo ndio wanakula nguo," akajibu mwenye kofia, "wewe umekula jina langu. Nani mbaya?"

"Nondo, mama."

"Ongeza sauti, sisikii. Pikipiki inapiga kelele."

Watu waliinama chini. Daktari alikuwa anauliza jirani, "Kasema nini? Kasema nini?" wakati ni filamu yake mwenyewe. Tuliendelea hivyo hadi kipande kikaisha, mimi nikimsemea mwembamba, yeye akimsemea mnene, na hata mara moja hakuniambia mimi neno, wala mimi sikumwambia yeye. Ni Wadenishi wawili walikuwa wanaongea. Na alikuwa anaingia kwa wakati, jamani! Nina vijana nimewafundisha miaka, hawawezi kufuata midomo hivyo. Mwishoni mwembamba anatoka mbio na koti kichwani, na mnene anampiga mwavuli. Mama mkwe wangu akasema, "Huo ni wa pikipiki. Huu mwingine ni wa kusukumwa kwa mteremko." Halafu akacheka. Mlio, kuzima, kikohozi, kuzima, kushika. Mimi nyuma huko nilikuwa nimekaa chini kwa simiti, machozi yanatoka, sijui ya nini.

Baadaye walikunywa maziwa lala, wakamvisha daktari shuka ya zawadi na kofia, wakaimba. Mimi sikuweza kutoka mpaka mama mkwe aondoke, na siku hiyo hakuwa na haraka. Nililetewa chapati chini ya shuka. Shemeji akaja kukaa nami.

"Shemeji, wazee wamegawanyika," akasema. "Wengine wanasema mila imevunjwa, wengine wanasema ni wazungu walikuwa wanaongea."

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi ni mwandishi. Naandika tu."

Wakaamua hivi: yale ya kabatini hayana kosa, lakini ya pikipiki yalikuwa kinywa changu mwenyewe, kwa hivyo nilete mbuzi nyumbani kwa mama mkwe. Nilipeleka. Nilichagua beberu ambaye Kitale nzima ilisimama kumtazama, kwa sababu mimi nikiomba msamaha siombi na mbuzi wa kukonda.

Wanaume tulikaa nje, wanawake wako jikoni. Kabla ya nyama ya mbuzi kuiva, mke wangu akatoka na sahani imefunikwa, akaiweka mbele yangu. Kuku. Kwa watu hao kuku ana heshima yake, na firigisi haipewi kila mtu, hupewa mwanamume anayehesabiwa katika boma. Miaka yote nimekula paja. Nikafunua. Firigisi ilikuwa juu, peke yake, imepakwa mafuta.

"Nani amesema iwekwe hapa?" nikauliza.

"Mwenye jiko," mke wangu akasema, akarudi ndani.

Shemeji aliitazama sahani.

"Hiyo ilikuwa yangu," akasema.

"Pole," nikamwambia, nikaitafuna polepole, ili aone.